Ada ya Haraka: Je, Zamu Yauzwa?

Jioni moja ya mwaka 2024, watoto wa madrasa walipokwisha kufunga misahafu yao na kutawanyika, alibaki barazani kwetu mama mmoja mtu mzima, bahasha mkononi. Hapa Sumbawanga ni desturi ya siku nyingi kwamba mtu apatapo karatasi asiyoielewa huipeleka kwa mwalimu wa watoto wake. Tuliamkiana, akaketi mkekani, akatoa karatasi tatu zilizotoka kwa mwanawe aliyeko nchi ya mbali. Kijana yule amepata kazi na makazi huko, na sheria ya nchi ile yamruhusu kumwita mkewe. Mkewe, ambaye ni mwanafunzi wetu wa zamani, alikuwa akikaa kwa mama mkwe wake, naye alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Karatasi zile zilionyesha njia mbili. Ya kwanza ni kulipa ada ya kawaida ya viza na kungoja jawabu kwa muda wa miezi sita. Ya pili ni kuongeza zaidi ya shilingi milioni moja na nusu juu ya ada ile, na jawabu kupatikana katika mwezi mmoja na nusu.

"Maalim," akasema yule mama, "maneno ya rushwa nimeyasikia tangu utoto wangu, na najua kuwa ni haramu. Basi nisomee hapa. Serikali yenyewe yasema kwamba nikiongeza fedha nitatangulizwa mbele ya wenzangu. Hii ni ada, au ni rushwa iliyopigwa muhuri?"

Kisha akatuambia kwamba amekwisha kupata mtu wa kununua shamba lake la ekari mbili, na kwamba kesho yake angetia dole gumba katika hati ya mauzo.

Hatukuwa na jawabu papo hapo. Tulimwomba asiuze shamba kwanza, atupe siku chache tuulize na tusome. Haya tuyaandikayo leo ndiyo tuliyoyapata, pamoja na yale tuliyofundishwa baadaye na mambo yenyewe yalivyokwenda. Twayaandika kwa kuwa twajua mama yule si wa peke yake. Nyumba nyingi za Waislamu, hapa Ufipa na kwingineko, zina mtoto aliye ng'ambo, au zina kijana anayetamani kwenda kusoma au kufanya kazi huko.

BEI YAPANDA

Kwanza yapasa tujue kwamba huduma hii ya haraka si jambo la nchi moja. Serikali nyingi huiuza, na bei yake yazidi kupanda. Tutazame Marekani. Sheria ya kuruhusu ada ya haraka kwa maombi ya wafanyakazi wa kigeni ilipitishwa huko mwishoni mwa mwaka 2000, na huduma ikaanza mwaka 2001 kwa dola 1,000. Aliyelipa aliahidiwa kushughulikiwa katika siku 15. Mwaka 2010 ada ikawa dola 1,225. Mwaka 2018 ikawa 1,410, mwaka 2019 ikawa 1,440, na mwaka 2020 ikaruka hadi 2,500. Mwezi wa Februari 2024 ikafika dola 2,805. Tena mwaka ule ule ikaamuliwa kwamba siku zile 15 zihesabiwe kuwa siku za kazi tu, bila Jumamosi, Jumapili wala sikukuu. Basi bei imekaribia kuwa mara tatu, na siku nazo zimeongezeka.

Uingereza nayo, katika mwaka huo wa 2024, ilikuwa ikitoza pauni 500 juu ya ada ya kawaida kwa anayetaka kutangulizwa, na pauni 1,000 kwa anayetaka jawabu ifikapo mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Na ieleweke kwamba fedha hizi hazinunui kukubaliwa. Mtu aweza kulipa pauni 1,000 akapata jawabu upesi, na jawabu lenyewe likawa ni hapana.

Sisi watu wa Ufipa hatupimi mambo kwa dola wala kwa pauni. Twapima kwa magunia. Basi natufanye hesabu kama tuwafanyiavyo watoto ubaoni. Tuseme mkulima wa Matai au wa Laela ameuza gunia la mahindi la kilo 100 kwa shilingi 70,000. Tuseme pauni moja ni shilingi 3,300 na dola moja ni shilingi 2,500. Pauni 500 ni magunia karibu 24. Pauni 1,000 ni magunia 47. Dola 2,805 ni magunia 100 na zaidi kidogo. Ni kweli kwamba ada ile ya Marekani aghalabu hulipwa na mwajiri tajiri, wala si na mkulima. Lakini pauni za viza ya familia hutoka katika mfuko wa mume, na mume akikosa, hutoka katika shamba la mama.

Na kabla ya kufika huko kuna ada nyingine za lazima. Pasipoti yetu ya Tanzania ilikuwa shilingi 50,000. Ilipoanza pasipoti mpya ya kielektroniki, iliyozinduliwa tarehe 31 Januari 2018, ikawa shilingi 150,000, nayo hudumu miaka 10. Hayo ni magunia mawili na zaidi. Kisha mwombaji wa Sumbawanga huongeza nauli ya kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, ili akatie alama za vidole kwa ajili ya viza. Aishiye Dar es Salaam hupanda daladala akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri.

ADA NI KITU KIMOJA, RUSHWA NI KITU KINGINE

Sasa turudi kwa swali la yule mama. Je, hii ni rushwa?

Katika Hadithi za Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) kimepokewa kisa cha mtu mmoja aliyejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya. Alitumwa kukusanya zaka, na aliporudi akazigawa mali alizokuja nazo mafungu mawili. Fungu moja akasema ni la Waislamu, na la pili akadai kuwa ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akapanda juu ya mimbari, akauliza mbele ya watu kama mtu huyo angeketi nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingemfuata huko. Kisa hiki kimetufundisha mpaka wa jambo lenyewe. Mali anayopewa mtumishi kwa sababu ya kiti alichokalia, kisha akaitia mfukoni mwake, hiyo ndiyo khiyana.

Kwa kipimo hicho, ada ya haraka iliyowekwa na sheria si rushwa. Bei yake imetangazwa kwa watu wote. Hulipwa kwa stakabadhi na kuingia katika hazina ya serikali. Karani anayelishika faili hapati hata senti moja mkononi mwake. Tena mwenye kufanya kazi ya ziada ana haki ya ujira. Ikiwa serikali itaajiri makarani wengine kwa fedha za wenye haraka, ili wafanye kazi ambayo isingefanyika, hatuoni dhambi kwa mwenye kulipa.

Twasema haya kwa kuwa siku ya pili yake yule mama alirudi na habari nyingine. Kijana mmoja wa mjini, asiye mtumishi wa ofisi yoyote, alimwambia kwamba yeye ana "mtu wake" huko, na kwa nusu ya bei ile faili litasukumwa. Huyo ni mmoja wa wale waitwao vishoka. Hana bei iliyotangazwa, hana stakabadhi, wala hajulikani nyumbani kwake. Tulimwambia mama kwa maneno makavu: hiyo ndiyo rushwa yenyewe, na Mtume (s.a.w.) amewalaani mtoaji na mpokeaji wote wawili. Na hata kwa hesabu ya dunia, mwenye kumpa kishoka fedha hana pa kushtaki zikipotea. Alhamdulillahi, mama yule alisikia.

YULE KIPOFU

Lakini mtu asidhani kwamba jambo lisilokuwa rushwa limekwisha kuwa uadilifu. Hapa twakumbuka Sura ya 80 ya Kurani Tukufu, Sura Abasa, ambayo watoto wetu huihifadhi wakiwa bado wadogo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumai kwamba wakisilimu watawavuta wengine. Akaja sahaba kipofu, Abdullah bin Umm Maktum, kwa shauku ya kufundishwa, akayakatiza mazungumzo. Mtume akakunja uso na kuendelea na wale wakubwa. Ukamshukia wahyi wa kumzindua, kwamba huyu aliyekuja mbio, na moyo wake umejaa hofu ya Mungu, ndiye aliyestahiki kusikilizwa kuliko wale waliojiona kuwa hawana haja. Tangu hapo Mtume (s.a.w.) alimtukuza sana sahaba yule, hata akamwachia uimamu wa Madina alipotoka kwenda safari.

Wakubwa wale hawakutoa rushwa yoyote, wala Mtume (s.a.w.) hakuwa na nia ila njema. Hata hivyo Mwenyezi Mungu alitaka ijulikane kwamba cheo na mali havimpi mtu haki ya kumtangulia mwenye haja. Basi kila serikali inayofungua mlango wa haraka yapasa ijiulize: yule aliyekuja mbio bila fedha, tumemfanya nini?

Ushahidi wa hatari hii umetolewa na serikali ya Marekani yenyewe. Mwezi wa Aprili 2017 idara yake ya uhamiaji ilisimamisha kwa muda ada ya haraka kwa viza za wafanyakazi zijulikanazo kwa jina la H-1B. Sababu iliyotajwa ilikuwa wazi. Maombi ya haraka yamekuwa mengi mno, hata makarani wameshindwa kuyashughulikia maombi ya kawaida yaliyolala muda mrefu. Maana yake, fedha za huyu zilikuwa zimeununua muda wa yule. Waliolipa ada ya kawaida walirudishwa nyuma bila kuambiwa, na ada yao ilikwisha kupokewa.

Hapo ndipo ada halali huingia kasoro. Ikiwa mlango wa haraka umejengwa kwa mikono iliyoongezwa, ni sawa. Ikiwa umejengwa kwa kupunguza mikono ya mlango wa kawaida, umekuwa dhuluma kwa maskini. Na ikiwa ofisi itauacha mlango wa kawaida uoze makusudi, ili watu walazimike kununua haraka, basi hiyo ni biashara ya dhiki za watu.

Kucheleweshwa kuna madhara mengine pia. Ucheleweshaji ni shamba la rushwa. Mwaka 2023, huko Kenya, pasipoti zilipochelewa na waombaji kurundikana, wapelelezi waliingia katika jumba la Nyayo jijini Nairobi na kuwakamata maofisa waliotuhumiwa kudai hongo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule serikali ikatangaza ada mpya, na pasipoti ya kurasa 34 ikapandishwa kutoka shilingi za Kenya 4,550 hadi 7,500. Mahakama Kuu ikazisimamisha ada zile kwa muda, kwa kuwa wananchi walilalamika kwamba hawakushirikishwa. Fundisho lake ni kwamba mwenye kutozwa ada ana haki ya kuulizwa kabla.

HARAKA YA HAJA NA HARAKA YA MFUKO

Sisi tuishio karibu na mpaka twaijua haraka ya kweli. Walungu na Wamambwe wako pande zote mbili, Tanzania na Zambia. Habari ikija kutoka Mbala kwamba mjomba amefariki, mtu wa Kalambo hana siku 15 za kungoja, kwa kuwa maiti ya Muislamu haingoji. Haraka hiyo haitokani na wingi wa fedha za mtu. Ni haja iliyomshukia.

Nchi kubwa nazo hulijua jambo hili zitakapo. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozuka, Uingereza ilifunga kwa muda huduma yake ya kulipia haraka kwa viza mpya za masomo, kazi na familia, ili makarani washughulikie waliokimbia vita. Tena idara ya uhamiaji ya Marekani ina njia ya kuomba kutangulizwa bila ada ya ziada, kwa sababu ya dharura au ya kibinadamu, na mwenye kuomba hutakiwa kuleta uthibitisho. Kukubaliwa si lazima, lakini mlango upo, na wengi hawaujui.

Na kuna kungoja ambako hakuna fedha ya kukununua. Jirani zetu wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyokuwa katika mkoa wetu wa Rukwa kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012, ni wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Mwaka 2008 waliomba uraia wa Tanzania, pamoja na wenzao wa Ulyankulu mkoani Tabora. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 walikuwa wamekubaliwa. Lakini vyeti vyenyewe vilianza kutolewa mwezi wa Oktoba 2014. Kwa miaka ile yote walikuwa wamekwisha kuuacha uraia wa kwanza, na cha kuonyesha wa pili hawana mkononi. Taifa letu lilifanya wema mkubwa ambao mataifa machache yamewahi kuufanya. Hata hivyo wema ule ungekuwa mtamu zaidi lau usingechelewa.

YATUPASAYO MAJUMBANI

Ndugu wazazi, serikali za ng'ambo hazitatuuliza sisi wa Sumbawanga bei zao ziwe ngapi. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwetu, na kwa kweli haraka nyingi huzaliwa na uzembe wetu wenyewe.

La kwanza ni majina. Sisi tunaofundisha watoto tumeliona hili kwa macho yetu. Mtoto ameandikwa Muhammad katika daftari la madrasa, Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, na Mohamedi katika cheti cha shule. Binti ni Zaynab hapa na Zainabu kule. Siku ya kuomba pasipoti au viza, karani haoni mtoto mmoja, aona watatu. Miezi hupotea kwa viapo na masahihisho. Chagueni mwandiko mmoja tangu siku ya akika, muushike mpaka mwisho.

La pili ni vyeti. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na kitambulisho cha taifa vitafutwe wakati hakuna safari. Ndoa ifungwayo msikitini isajiliwe serikalini papo hapo, isingojwe mpaka viza itakapoitaka.

La tatu ni akiba. Familia iwe na fungu dogo la safari, hata kwa njia ya kikoba, ili pasipoti isilipiwe kwa deni wala kwa shamba. Mtu asiuze kinacholisha nyumba ili anunue wiki chache.

La nne ni maulizo. Kabla ya kulipa ada yoyote ya haraka, mtu aulize: jawabu litakuja lini nikilipa, na lini nisipolipa? Fedha zitarudi likikosekana? Je, kuna njia ya dharura isiyo na malipo? Na katika miezi hii ya kungoja, ni jambo gani litabadilika nyumbani mwangu?

Swali hili la mwisho tumelijifunza kwa maumivu. Yule mama alipokuja kuchukua jawabu letu, tulimwambia kwamba kulipa si dhambi, lakini asiuze shamba, na kwa kuwa mwanawe hakuwa na fedha ya ziada, wafuate njia ya kawaida na wasubiri. Wakasubiri. Mjukuu akazaliwa hapa Sumbawanga, mtoto wa kiume mwenye afya. Mwezi wa saba likaja jawabu: mke amekubaliwa. Lakini yule mtoto hakuwamo katika maombi, kwa kuwa maombi yalipopelekwa alikuwa tumboni. Ikabidi atafutiwe cheti cha kuzaliwa, kisha pasipoti, kisha maombi yake peke yake, kwa ada kamili na kungoja upya. Jumla ya fedha ile ilipita ile ada ya haraka tuliyomwambia aiache.

Tulikwenda kwake kumtaka radhi. Hatukukosea kumzuia kuuza shamba, lakini tulikosea kutouliza habari za mtoto, ilhali mimba tuliiona kwa macho. Mama yule akatukaribisha uji, akasema, "Maalim, lau ningeuza, mtoto huyu angekwenda mapema, lakini ada yake nisingekuwa na pa kuipata. Shamba ndilo lililomlipia." Na kweli, mavuno ya mwaka uliofuata yalilipa ada ya mjukuu. Walipofika kwa baba yake, mtoto alikuwa amekwisha kusimama dede.

Baba yule alikosa miezi ile, na hakuna stakabadhi itakayomrudishia. Basi twawaomba wote wenye madaraka ya kupanga ada hizi, hapa kwetu na kwingineko, wakumbuke kwamba nyuma ya kila faili lililolala chini ya mafaili ya waliolipa zaidi, mna nyumba inayohesabu siku. Nasi wenye kungoja tuyatayarishe yaliyo mikononi mwetu, tujiepushe na vishoka, na yaliyobaki tumwachie Mwenyezi Mungu, ambaye kwake mwenye haja husikilizwa bila ada wala zamu. Amina.